Seli tupu ina maana tatu: kupanga hifadhidata ya mafunzo ya wafanyakazi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Hoteli za Unguja na Pemba zinazolijua neno hilo kwa kawaida huwa na faili moja la Excel kwenye kompyuta ya afisa utumishi: majina ya wafanyakazi yanashuka chini, majina ya kozi yanakwenda kulia, na kwenye kila makutano kuna tarehe, au alama ya vema, au hakuna kitu. Faili hilo huenda vizuri mpaka siku mtu anapouliza swali linaloonekana jepesi: nani hana cheti anachotakiwa kuwa nacho?

Chukua hoteli ya ufukweni Nungwi au Paje yenye wafanyakazi 120 na kozi 14. Faili lake lina seli 1,680, na nyingi ni tupu. Itazame moja, ya mtunza bustani chini ya kozi ya usafi wa chakula. Huenda kozi hiyo haimhusu. Huenda inamhusu, kwa kuwa siku za wageni wengi anapelekwa kusaidia jikoni, lakini hajaisoma. Huenda ameisoma na karatasi imo kabatini, ila hakuna aliyeiingiza. Seli ni moja, maana zake ni tatu, na kompyuta haina njia ya kuzitenga kwa sababu hakuna aliyeiambia.

Hifadhidata ya uhusiano, yaani ile inayoweka data katika majedwali yanayoungana, inasifiwa kwa mambo mengi: kasi, usalama, watu kumi kuifungua kwa pamoja. Kwa kazi hii yote hayo ni ya pembeni. Faida yake kubwa ni kwamba inakulazimisha kuandika mbali yale yanayotakiwa, na mbali yale yaliyotokea, kisha utoe haya kwenye yale. Kinachobaki ndilo pengo. Pengo haliandikwi na mtu. Linapatikana kwa hesabu.

Kozi si darasa, na darasa si cheti

Mfumo huu ulielezwa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa mtafiti wa IBM kule San Jose, California. Alichotaka ni kwamba data ikae katika majedwali ya kawaida, jedwali liungane na jedwali kwa thamani zilizomo ndani yake na si kwa mahali zilipohifadhiwa kwenye diski, na anayeuliza aseme anataka nini, programu ijitafutie njia. PostgreSQL, MariaDB, SQLite na Access zote zimezaliwa humo. Yoyote kati ya hizo inatosha kwa hoteli ya watu 120. Ugomvi wa ipi bora usikuchelewesheni. Kinachochelewesha miradi hii ni majedwali yaliyopangwa vibaya.

Kanuni ya kupanga ni moja: kila jedwali liseme aina moja ya jambo, na kila jambo liandikwe mahali pamoja tu. Ikifuatwa kwa uaminifu, mafunzo ya wafanyakazi yanahitaji majedwali manane: mtu, cheo, ajira, kozi, darasa, mahudhurio, cheti na sharti.

Wengi huanza kukosea kwenye kozi na darasa. Kozi ni kama somo lililo kwenye mtaala. Darasa ni siku somo hilo lilipofundishwa. "Kuzima moto" ni kozi. "Kuzima moto, ukumbi mdogo, 14 Mei 2024, saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana, mkufunzi fulani" ni darasa. Ukivichanganya, jina la mkufunzi litaandikwa mara 25 kwa wahudhuriaji 25, na siku itakapobainika kuwa limekosewa mtu atarekebisha mistari 24 na kusahau mmoja. Tangu hapo darasa moja lina wakufunzi wawili, na hakuna ajuaye yupi ndiye.

Mahudhurio ni jedwali la kati. Mtu mmoja huingia madarasa mengi, darasa moja huwa na watu wengi, na uhusiano wa namna hiyo hauwezi kukaa upande wowote kati ya hizo mbili. Ukiuweka kwa mtu, utahitaji safu za darasa_1, darasa_2, darasa_3 mpaka uchoke. Ukiuweka kwa darasa, utaishia na seli moja yenye majina 25 yaliyotenganishwa kwa koma, ambayo huwezi kuihesabu wala kuitafuta bila taabu. Kwa hiyo jedwali la tatu: kila mstari ni mtu mmoja katika darasa moja. Jozi ya mtu na darasa iwekewe kizuizi cha kutojirudia, ili karani akiingiza orodha ileile mara mbili programu ikatae. Ndani ya mstari huo weka pia hali: aliandikishwa na hakuja, alihudhuria, alifaulu, hakufaulu. Aliyeandikishwa asije ana mstari wake. Asiyeandikishwa kabisa hana. Tayari maana mbili za seli tupu zimeanza kuachana.

Cheti nacho kinahitaji jedwali lake, na hapa wapangaji wengi hubisha: si tayari tuna mahudhurio yenye "alifaulu"? Hapana. Mpishi amekuja na cheti alichopata SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar), kampasi ya Maruhubi, miaka miwili kabla hamjamjua. Nahodha wa boti ya wageni amekuja na vyeti vya Chuo cha Bahari Dar es Salaam. Hawakuingia darasa lenu lolote, na kuwabunia darasa la uongo ili mfumo uwakubali ni kuanza kudanganya siku ya kwanza. Upande wa pili, kuna madarasa yasiyotoa cheti, kama mazungumzo ya nusu saa kabla ya zamu juu ya namna ya kuinua mizigo. Basi cheti kiwe na mtu, kozi, aliyekitoa, namba yake, tarehe ya kutolewa, tarehe ya mwisho, na safu ya darasa inayoruhusiwa kubaki wazi. Picha ya karatasi iliyoskaniwa isiwekwe ndani ya jedwali. Hifadhi faili kwenye folda, lipe jina kwa namba ya cheti humo hifadhidatani, na jedwali liweke njia ya kulifikia tu. Vinginevyo nakala ya akiba iliyokuwa ya megabaiti chache itakuwa ya gigabaiti, na hakuna atakayekuwa na hamu ya kuichukua kila siku.

Mtu hubaki, ajira hupita

Biashara ya utalii hapa kwetu ina msimu. Masika yakiingia hoteli kadhaa hufunga Aprili na Mei, wafanyakazi wa mkataba hurudi makwao, na Juni au Julai baadhi yao wanarudi kazini, wengine kwa cheo kingine. Faili la Excel humfuta anayeondoka ili orodha isiwe ndefu. Anaporudi anaandikwa upya kama mgeni, na hoteli inalipia tena kozi ya huduma ya kwanza ilhali cheti chake cha zamani bado kina mwaka mzima.

Dawa yake ni kumtenga mtu na ajira yake. Jedwali la mtu lina yale yasiyobadilika mtu akibadilisha kazi. Jedwali la ajira lina kipindi: mtu huyu, cheo hiki, kuanzia tarehe hii hadi tarehe hii, na tarehe ya mwisho huachwa wazi maadamu bado yupo. Akipandishwa kutoka mhudumu wa chumba kuwa msimamizi, mstari wa zamani unafungwa na mpya unafunguliwa. Usiubadilishe wa zamani. Ajali ikitokea bwawani, mkaguzi au kampuni ya bima haitauliza nani ana cheti leo. Itauliza nani alikuwa mwokozi wa bwawa siku ile, na cheti chake kilikuwa hai siku ile. Aliyeandika cheo kipya juu ya cha zamani hana jibu.

Mitego miwili. Wa kwanza: mtu mmoja kuwa na mistari miwili ya ajira iliyo wazi kwa wakati mmoja, kwa sababu karani alifungua mpya akasahau kufunga wa zamani. PostgreSQL inaweza kuwekewa kizuizi kinachokataa vipindi vinavyopishana. Kwenye nyingine, andika swali la kuwasaka na uliendeshe kila wiki. Wa pili ni amri ya kufuta kwa mfululizo, ambayo ukimfuta mtu hufuta na ajira zake, mahudhurio yake na vyeti vyake vyote bila kuuliza. Katika kumbukumbu za mafunzo amri hiyo haina pa kukaa. Weka kizuizi kinyume chake: mtu mwenye cheti hafutiki.

Vizuizi hivyo hushikwa na ufunguo wa nje, yaani safu ya mtu_id ndani ya cheti inayolazimika kuwa namba iliyopo kweli kwenye jedwali la mtu. Hakikisha unafanya kazi, kwa maana kuandikwa si kufanya kazi. SQLite haiusimamii mpaka uiamuru kwa kila muunganisho mpya. Kwenye MySQL na MariaDB, jedwali la aina ya MyISAM hupokea maelezo ya ufunguo wa nje kimya kimya na kuyapuuza. La InnoDB ndilo linaloyatii. Jaribio lake ni la dakika moja: jaribu kuingiza cheti cha mtu namba 999999. Kikipokelewa, huna ufunguo, una mapambo.

Jina si kitambulisho

Kwenye hoteli yoyote ya Zanzibar tafuta Ali Juma Ali, na usishangae ukipata wawili. Majina yetu ni jina la mtu, la baba na la babu, na yanazunguka humohumo. Tena tahajia hazitulii: Khamis na Hamisi, Mohamed na Mohammed na Muhammad, Asha na Aisha, Suleiman na Seleman, na mtu huyohuyo mmoja anaweza kuwa na mbili kati ya hizo kwenye karatasi mbili za serikali. Programu kutoka nje zinazodai jina la kwanza na jina la ukoo hutupangia orodha kwa majina ya babu zetu, jambo linalochekesha mpaka utakapomtafuta mtu kwa haraka. Weka safu tatu, au moja ya jina kamili. Ufunguo wenyewe uwe namba isiyo na maana yoyote, inayotolewa na hifadhidata, isiyorudiwa hata mtu akiondoka.

Isiwe namba ya mshahara, kwa kuwa ofisi za mishahara hupenda kumpa mgeni namba ya aliyeondoka. Isiwe namba ya NIDA pia, wala ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi. Si kila mfanyakazi anayo. Mpishi mkuu kutoka nje ana pasipoti. Ihifadhi pembeni kama maandishi, kamwe isiwe tarakimu za hesabu. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na Excel hukumbuka 15 tu za mwanzo. Ukiiandika bila vistari kama namba ya kawaida, tano za mwisho zinageuka sifuri, faili likihifadhiwa haziwezi kurudi. Tarakimu zake nane za mbele ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo haifai kuchapishwa kwenye orodha inayobandikwa ukutani jikoni. Simu nazo ziwe maandishi, la sivyo 0777 inabaki 777.

Tarehe na saa

Saa ndiyo inayotupata sisi zaidi ya wengine. Karani anaandika darasa ni "saa 3", akimaanisha asubuhi. Safu ya saa inapokea 03:00, ambayo ni saa tisa za usiku. Darasa la jioni la saa 2 usiku linakuwa 02:00, usiku wa manane. Hakuna kosa litakaloonyeshwa kwa kuwa zote ni saa halali. Usimwachie karani aandike kwa mkono: fomu impe orodha ya kuchagua yenye zote mbili kwa pamoja, "09:00, saa 3 asubuhi", na hifadhidata ihifadhi ile ya saa 24.

Tarehe zina ugonjwa wao. 05/04/2024 kwetu ni tano Aprili; kompyuta iliyoachwa kwenye mpangilio wa Kimarekani huisoma tarehe nne Mei. Kwenye kompyuta hiyo 13/04/2024 haisomeki kabisa kama tarehe, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, hivyo Excel huiacha kama maandishi. Dalili yake huonekana kwa jicho: katika safu hiyohiyo tarehe zilizopokelewa zimeegemea kulia na zilizobaki maandishi zimeegemea kushoto. Ukiona safu imepinda hivyo, jua kwamba hata zile za kulia zimegeuzwa siku kuwa mwezi. Ndani ya hifadhidata tumia aina ya tarehe, na unapohamisha data andika mwaka mbele: 2024-04-05.

Cheti kinakufa lini

Inaonekana jambo dogo: kozi ya huduma ya kwanza hudumu miezi 24, basi ongeza miezi 24. Lakini ukiweka muda huo kwenye kozi peke yake na kuacha hifadhidata ihesabu mwisho kila inapoulizwa, siku hoteli itakapoamua ni miezi 12, vyeti vyote vya zamani vitakufa usiku mmoja. Muda wa kawaida ukae kwenye kozi kama pendekezo la kujazia fomu. Tarehe ya mwisho yenyewe iandikwe kwenye cheti, kama ilivyo kwenye karatasi. Anayependa usafi wa nadharia atasema hapo umeandika jambo moja mara mbili. Siyo. La kwanza ni sera ya leo, la pili ni tukio la siku ile.

Ukihesabu, hesabu kwa miezi na si kwa siku. Siku 365 baada ya 1 Machi 2023 ni 29 Februari 2024, siku moja pungufu ya mwaka. Na usiweke safu ya hali inayosema "hai" au "kimeisha". Neno "hai" lililoandikwa Jumatatu linakuwa uongo Jumanne bila mtu kuligusa. Hali huhesabiwa wakati wa kuuliza, kutokana na tarehe.

Kuna vyeti visivyo na mwisho. Ukiiacha tarehe wazi, kila ulinganisho na tarehe ya leo utarudisha "haijulikani", na wenye vyeti hivyo watatokea kwenye orodha ya wasio na cheti. Baadhi ya wapangaji huandika 9999-12-31. Ni ubaya mdogo, na kwa ofisi ndogo ndio tunaoupendelea: maswali yote yanabaki mafupi, mradi fomu iionyeshe tarehe hiyo kama "hakina mwisho" na si kama mwaka wa elfu kumi kasoro moja.

Tena karatasi moja inaweza kutosha hapa isitoshe pale. Anayeingia kozi ya Divemaster, yaani kiongozi wa wazamiaji, ya shirika la mafunzo ya uzamiaji la PADI hutakiwa awe amepata mafunzo ya huduma ya kwanza na ufufuaji ndani ya miezi 24 iliyopita, hata kama karatasi yake imeandikwa miaka mitatu. Baharia aliye chini ya STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, huthibitisha upya ujuzi wake wa msingi wa usalama kila miaka 5. Kwa hiyo ukomo wa pili, ule wa anayedai, hukaa kwenye jedwali la sharti.

Sharti, jedwali ambalo Excel haikuwa nalo

Jedwali la sharti ni fupi na ndilo lenye kazi kubwa. Kila mstari: cheo hiki kinahitaji kozi hii, kuanzia tarehe hii, hadi tarehe hii au wazi, kwa siku hizi za nafasi tangu kuanza kazi, na umri wa juu wa cheti kama upo. Mwokozi wa bwawa siku 0, maana hasimami bwawani bila cheti. Mhudumu wa mapokezi na kuzima moto, siku 30. Hata ukiwa na vyeo 20, mistari haitafika mia moja na kitu, lakini kuiandika huchukua muda kuliko majedwali mengine yote, kwa sababu lazima meneja wa jikoni, wa vyumba na wa usalama wakae meza moja wakubaliane nani anahitaji nini. Mara nyingi ni mara ya kwanza swali hilo kuulizwa kwa sauti. Na yule mtunza bustani anayesaidia jikoni ataibuka hapo: ama cheo chake kiongezewe sharti la usafi wa chakula, ama aache kupelekwa jikoni.

Sasa toa. Kwa SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, huandikwa hivi:

SELECT m.jina, k.jina
FROM ajira a
JOIN mtu m ON m.mtu_id = a.mtu_id
JOIN sharti s ON s.cheo_id = a.cheo_id
JOIN kozi k ON k.kozi_id = s.kozi_id
LEFT JOIN cheti c
  ON c.mtu_id = a.mtu_id
 AND c.kozi_id = s.kozi_id
 AND c.mwisho >= CURRENT_DATE
WHERE a.kuisha IS NULL
  AND s.hadi IS NULL
  AND c.cheti_id IS NULL;

Kuunganisha ajira na sharti kunazaa orodha ambayo haikuwahi kuandikwa popote: kila aliyepo kazini mara kila kozi anayodaiwa. Watu 120 wenye wastani wa masharti matano ni mistari 600. Muungano wa kushoto (LEFT JOIN) unaleta vyeti vilivyo hai pembeni yake, na pasipo na cheti haufuti mstari, unaacha wazi. Mstari wa mwisho wa swali unabakiza hiyo iliyo wazi tu. Siku za nafasi na umri wa cheti havimo hapa, ili umbo lionekane. Vikiongezwa, vya kwanza huingia kwenye WHERE, na vya pili kando ya tarehe ya mwisho.

Kando ya tarehe ya mwisho, hapohapo ilipo. Kosa linalorudiwa kuliko yote kwenye swali la namna hii ni kuishusha ile "c.mwisho >= CURRENT_DATE" hadi kwenye WHERE, kwa kuwa huko ndiko masharti yanakozoeleka. Asiye na cheti hana tarehe ya mwisho. Ulinganisho wake si kweli wala si uongo, na WHERE hupitisha kilicho kweli peke yake. Wote wasio na cheti wanaanguka. Swali linarudisha orodha tupu, meneja anafurahi kwamba hakuna pengo hata moja, na hakuna onyo jekundu popote. Kabla hujaiamini ripoti, mwingize mtu wa majaribio asiye na cheti hata kimoja. Lazima atokee, na kwa kila sharti la cheo chake.

Ukibadilisha kidogo utapata orodha ya vyeti vinavyokufa ndani ya siku 90, na hii ndiyo ya kuendesha kila Jumatatu. Kwetu ina faida ya pekee. Hoteli hufundisha masika, wakati wageni ni wachache, hivyo vyeti vya watu wengi huzaliwa wiki moja na kufa wiki moja. Darasa la mwaka huu likiwa 14 Mei na la mwakani 20 Mei, cheti cha miezi 12 kinaacha hoteli nzima siku sita bila mtu mwenye cheti. La mwakani likifanyika wiki moja mapema, yaani 13 Mei, tatizo halipo. Mwezi wa Ramadhani, unaorudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, nao uangaliwe kwenye ratiba kwa tarehe zake za mwaka husika, usiwekwe kama kipindi kisichobadilika.

Bahari katikati

Kampuni yenye hoteli Unguja na nyingine Pemba hujaribiwa kuwa na nakala mbili: moja Mjini, moja Chake Chake, na flashi inayosafiri kwa boti kila mwisho wa mwezi. Kila upande hutoa namba zake. Mtu namba 121 wa Unguja ni mpishi, namba 121 wa Pemba ni mlinzi, na siku ya kuunganisha vyeti vya mmoja vinamwangukia mwenzake. Bora seva moja ambayo pande zote zinaingia kwa mtandao, hata ukiwa wa taratibu. Data hii ni maandishi machache. Kama haiwezekani, tumia vitambulisho virefu vya bahati nasibu aina ya UUID, au uipe Pemba mfululizo wake kuanzia 500001. Ruhusa ziwe nyembamba: mkuu wa idara asome watu wake, afisa utumishi aandike, na akaunti inayotumiwa na fomu isiwe na uwezo wa kufuta jedwali.

Umeme wa Unguja hutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na waliokuwepo hawajasahau giza la Desemba 2009 hadi Machi 2010. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, hifadhidata nzuri huirudisha kazi isiyokamilika mahali ilipoanzia, ndiyo maana darasa na wahudhuriaji wake 25 viingizwe kwa muamala mmoja: ama vyote, ama hakuna. Diski iliyoungua hairudishwi na muamala. Nakala kila usiku, moja ikae nje ya jengo, na mara moja kwa robo mwaka irudishwe kwenye kompyuta nyingine ili kuhakikisha inafunguka.

Kuhamisha faili la zamani huanza na jedwali la muda ambalo safu zake zote ni maandishi, likipokea kila kitu kama kilivyo, pamoja na "ndio", "tayari" na "Mei?". Kutoka humo ndipo vitu vihamie kwenye majedwali ya kweli, na visivyoeleweka vibaki nyuma vikiwa na namba ya mstari wa Excel vilikotoka. Alama ya vema isiyo na tarehe si cheti; usiibunie tarehe. Usishtuke kwa urefu wa orodha ya kwanza ya mapengo. Anza kwa kufungua kabati la karatasi, jina kwa jina, na kila cheti kinachopatikana kiskaniwe na kuingizwa siku hiyohiyo. Kisha wapelekee wakuu wa idara mistari iliyobaki waonyeshe wanayoona haiwahusu watu wao, na kila wanachokipinga kirekebishwe kwenye sharti au kwenye cheo, si kwa kumfuta mtu kwenye ripoti. Majina yatakayosalia baada ya hapo ndiyo ya kuandikisha kwenye darasa la masika.